Dhahiri kwa Nani, na Lini? Kigezo cha Hatua ya Uvumbuzi katika Hataza za Vichocheo na Tatizo la Istilahi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza neno moja la kisheria na mzigo linaoubeba. Katika sheria za hataza za nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, uvumbuzi haulindwi kwa sababu tu ni mpya. Hutakiwa pia usiwe jambo ambalo mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani yake angelifikia kwa kufuata tu yale yaliyokwisha kujulikana. Mtafsiri anayekutana na sharti hilo kwa mara ya kwanza huelekea kusema kwamba uvumbuzi usiwe "dhahiri". Tafsiri hiyo ni fupi, inasomeka vizuri, na kamusi zinaiunga mkono. Hoja yetu ni kwamba inapotosha, na kwamba upotoshaji wake unaweza kumnyima haki anayestahili na kumpa asiyestahili.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, ingawa iliacha nafasi ya kutumia Kiingereza pale haki inapohitaji hivyo. Tangu hapo swali la istilahi za sheria limeacha kuwa zoezi la darasani. Siku ambayo mgogoro wa hataza utasikilizwa kwa Kiswahili, hakimu ataamua kwa kupima maneno yaliyomo katika maandishi yaliyo mbele yake.

Mahali pa kuanzia pako karibu. Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), ambao ndio husimamia hataza Tanzania Bara, kwa miaka mingi ulikuwa na ofisi zake katika Jengo la Ushirika, Mtaa wa Lumumba, jirani na Mnazi Mmoja. Anayetoka katika jengo hilo na kuvuka mitaa michache huingia Kariakoo, penye maduka ya mbegu na pembejeo, mafundi wa vyuma, wauza vipuri na wakaanga chipsi. Umbali baina ya ofisi na soko ni wa kutembea kwa dakika chache, lakini umbali baina ya lugha ya ofisi na lugha ya soko ni mkubwa zaidi. Makala hii inajaribu kuupima umbali huo kwa kutumia aina moja ya uvumbuzi ambao kwao swali letu huwa gumu kuliko kawaida, yaani vichocheo vya kikemia.

Tutaeleza kwanza kigezo chenyewe na historia yake nchini. Kisha tutatazama kichocheo ni nini, na tutapitia shauri maarufu lililoamuliwa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1912. Baada ya hapo tutayachambua maneno ya Kiswahili yanayohusika, tutayajaribu kwa mfano wa Kariakoo, na mwisho tutatoa pendekezo.

2.0 Kigezo na Historia Yake Nchini

Masharti makuu ya hataza ni matatu: upya, hatua ya uvumbuzi, na ufaafu wa kiwandani. Sharti la upya ni rahisi kulieleza. Mkaguzi hutafuta kama kitu kilekile kimekwisha kuwekwa wazi mahali fulani kabla ya tarehe ya maombi. Akikikuta, maombi hukataliwa. Sharti la hatua ya uvumbuzi huanza pale ambapo lile la upya limekwisha kutimizwa. Kitu ni kipya, hakuna aliyekifanya. Lakini je, tofauti yake na yale yaliyotangulia inastahili kuzawadiwa haki ya pekee kwa miaka mingi? Hapa mkaguzi anaruhusiwa kuunganisha maarifa kutoka vyanzo mbalimbali, na humpima mwombaji kwa kumlinganisha na mtu wa kudhaniwa, ambaye katika makala hii tutamwita mweledi wa kawaida wa fani. Mtu huyu anajua yote yaliyokwisha kuwekwa wazi katika fani yake, ana stadi za kila siku za kazi hiyo, lakini hana kipaji cha kuvumbua.

Sheria ya Hataza ya Tanzania ilitungwa mwaka 1987 na ikaanza kutumika mwaka 1994. Kabla yake, chini ya utaratibu uliorithiwa kutoka utawala wa Kiingereza, hataza iliyokwisha kutolewa Uingereza ndiyo iliyosajiliwa Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba swali la hatua ya uvumbuzi lilikuwa likiulizwa na kujibiwa London, na Dar es Salaam ilipokea jibu tu. Mwaka 1999 Tanzania ilijiunga na Itifaki ya Harare, iliyotungwa mwaka 1982 chini ya shirika la kikanda linalojulikana kwa kifupi kama ARIPO. Kwa utaratibu huo, maombi yanayoitaja Tanzania huchunguzwa Harare, nayo nchi hupewa muda wa kuyakataa. Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwanda ya mwaka 2008.

Historia hii inaeleza kwa nini Kiswahili hakijapata nafasi ya kulikomaza neno lake. Istilahi hukomaa kwa kubishaniwa. Wakulima na wauzaji wa Kariakoo wamebishana juu ya mizani, rumbesa na lumbesa hadi maneno hayo yakapata mipaka yake. Juu ya hatua ya uvumbuzi hakuna aliyebishana kwa Kiswahili, kwa kuwa ubishi ulifanyika kwingine.

Huko kwingine ubishi umekuwa mkali. Marekani iliingiza sharti hili katika sheria yake mwaka 1952. Mwaka 1966, katika shauri la Graham dhidi ya kampuni ya John Deere, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliagiza kwamba yachunguzwe maarifa yaliyotangulia, tofauti kati yake na uvumbuzi, na kiwango cha ujuzi wa kawaida wa fani. Aidha, iliruhusu kutazama ishara za nje, kama vile haja iliyodumu muda mrefu bila kutimizwa na kushindwa kwa watu wengine. Mwaka 2007, katika shauri la KSR dhidi ya Teleflex, mahakama hiyohiyo ilisema kwamba pale ambapo njia zinazowezekana ni chache, zinajulikana, na matokeo yake yanatabirika, kuijaribu mojawapo kunaweza kusiwe uvumbuzi. Ofisi ya Hataza ya Ulaya nayo hulisisitiza swali moja: si kama mweledi angeweza kufanya jambo hilo, bali kama angelifanya. Tutaona baadaye kwamba Kiswahili kina njia nyepesi ya kuonyesha tofauti hiyo.

3.0 Kichocheo: Kitu na Neno

Kichocheo katika kemia ni kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kutumika na kwisha. Neno limechukuliwa jikoni. Mpishi anayechochea moto husogeza kuni ndani ya mafiga. Haongezi kuni, lakini moto hushika kasi. Sitiari hii imefaulu kwa sehemu kubwa. Imepungukiwa katika jambo moja tu: kichocheo cha kikemia hakisukumi mmenyuko uleule kwa nguvu zaidi, bali huufungulia njia nyingine iliyo rahisi kupitika. Hali kadhalika, hakibadilishi mahali ambapo mmenyuko ungesimama hatimaye. Hubadilisha muda wa kufika hapo.

Sifa inayovifanya vichocheo kuwa uwanja wa migogoro ni kwamba utendaji wao ni mgumu kutabiri. Chuma safi kinaweza kuwa kichocheo dhaifu, na chuma chenye chembe za uchafu fulani kikawa bora. Uchafu mwingine, hata ukiwa kidogo mno, hukiua kabisa. Nadharia huweza kumwonyesha mtafiti upande wa kuelekea, lakini mara nyingi humwacha akitafuta kwa mikono. Basi kichocheo kikipatikana, watu wawili wenye nia njema wanaweza kukitazama na kusema maneno yanayopingana: mmoja atasema kwamba hakuna aliyekitarajia, na mwingine kwamba kila mtu angekijaribu.

4.0 Shauri la Leipzig, 1912

Katika maduka ya pembejeo ya Kariakoo mfuko wa urea wa kilo 50 ni bidhaa ya kawaida. Kati ya uzito huo, asilimia 46 ni naitrojeni, na naitrojeni hiyo ilitoka hewani kwa njia ya mmenyuko unaoitwa kwa majina ya Wajerumani wawili, Fritz Haber na Carl Bosch. Katika miaka ya 1980 palikuwa na mpango wa kuuleta mmenyuko huo pwani yetu: kiwanda cha amonia na urea kilikusudiwa kujengwa Kilwa kwa kutumia gesi ya Songo Songo, lakini hakikujengwa. Wachache kati ya wanunuzi wa mfuko huo wanajua kwamba hataza ya mmenyuko huo nusura ifutwe kwa hoja kwamba haikuwa na uvumbuzi wowote ndani yake.

Kiini cha kemia yake ni hiki. Kiasi kimoja cha gesi ya naitrojeni na vitatu vya haidrojeni huungana kutoa viwili vya amonia. Kwa kuwa gesi nne zinakuwa mbili, kanieneo kubwa husaidia amonia itokee. Kanuni hiyo ya jumla ilitolewa na Mfaransa Henry Le Chatelier mwaka 1884, na kila mwanakemia wa mwanzo wa karne ya 20 aliijua. Joto dogo nalo husaidia amonia ibaki, lakini katika joto dogo mmenyuko huenda polepole mno. Ndiyo maana kichocheo kilihitajika.

Waliojaribu kabla ya Haber hawakuwa watu wadogo. Mwaka 1900 Wilhelm Ostwald alidhani amepata amonia kwa kutumia chuma, akaipelekea kampuni ya BASF maombi yake. Kijana aliyepewa kazi ya kuhakikisha, Carl Bosch, aligundua kwamba amonia ile ilitokana na naitrojeni iliyokuwamo tayari ndani ya chuma chenyewe, na Ostwald akayaondoa maombi. Mwaka 1901 Le Chatelier mwenyewe alijaribu kwa kanieneo kubwa. Mtambo ukalipuka, naye akaiacha kazi hiyo. Walther Nernst alifanya majaribio chini ya kanieneo, na mwaka 1907, katika mkutano wa wanasayansi huko Hamburg, alizipinga hadharani takwimu za Haber na kuonyesha kwamba kiasi cha amonia kinachoweza kupatikana ni kidogo kuliko Haber alivyosema.

Haber hakuacha. Akiwa na Mwingereza Robert Le Rossignol huko Karlsruhe, alitengeneza mtambo uliofanya kazi kwa kanieneo inayokaribia mara 200 ya ile ya hewa ya kawaida, akizungusha gesi tena na tena na kuitoa amonia kila ilipotokea. Kichocheo chake kilikuwa osimiamu. Tarehe 2 Julai 1909 aliwaonyesha watu wa BASF amonia ikidondoka kwa saa kadhaa mfululizo.

Kampuni ya Hoechst, mshindani wa BASF, ilifungua shauri la kuibatilisha hataza, na mahakama kuu ya Ujerumani iliyokuwa Leipzig ilisikiliza mwaka 1912. Maneno ya sheria ya Ujerumani ya wakati ule hayakuwa haya tuliyo nayo leo, lakini hoja ilikuwa ya ukoo mmoja nayo. Kwa ufupi, Hoechst walidai kwamba kanuni ya kanieneo ilijulikana, na kwamba Nernst alikwisha kufanya kazi chini ya kanieneo. Kilichobaki, kwa maoni yao, ni kuongeza tu. Hoja ya upande wa pili tunaweza kuieleza hivi: kujua kwamba mji uko upande wa magharibi si kujua kwamba safari ya kwenda huko inalipa. Walioijua kanuni vizuri kuliko wote ndio walioiacha njia hiyo. Nernst, ambaye kazi yake ilikuwa silaha ya washtaki, alitoa ushahidi kwa upande wa BASF, na shauri la Hoechst likatupwa.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, shahidi wa kweli si mweledi wa kudhaniwa. Wanahistoria wameeleza kwamba Nernst alikuwa na mkataba wa ushauri na BASF. Mweledi wa sheria hana mkataba na mtu, hana wivu, wala hana mshindani wa kisayansi. Hatuwezi kulipima swali kwa kuuliza kama jambo lilimshangaza bingwa fulani. Pili, kushindwa kwa watu wengi hakuthibitishi peke yake kwamba jambo ni uvumbuzi, lakini kunaonyesha njia ilivyoonekana kutoka upande wa kuanzia, kabla haijapitwa na mtu.

Kisa cha chuma kinalitia hilo nguvu. Osimiamu ilikuwa adimu mno kwa kiwanda. Alwin Mittasch na wenzake wa BASF walianza kujaribu vitu vingine, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 1912 walikuwa wamekwisha kufanya majaribio yapatayo 6,500 kwa michanganyiko ipatayo 2,500. Kilichofaulu kilikuwa chuma, kitu kilekile alichokianza Ostwald na kukiacha. Sampuli ya madini ya chuma kutoka Gällivare, Uswidi, ilitoa matokeo mazuri kuliko chuma safi, na uchunguzi ukaonyesha kwamba siri ilikuwa katika vitu vilivyochanganyika nacho. Baadaye wakaongeza wenyewe oksaidi ya alumini na potashi kwa vipimo. Kiwanda cha Oppau kilianza kazi mwaka 1913.

Je, kichocheo hicho kilikuwa na hatua ya uvumbuzi? Anayekitazama leo ataona kitu cha kawaida sana: chuma, udongo wa alumini na chumvi ya majivu. Lakini mwaka 1909 chuma kilikuwa kitu kilichojaribiwa na kushindwa mbele ya macho ya kila mtu. Wala majaribio 6,500 si hoja dhidi ya mvumbuzi. Njia ambazo ni maelfu, na ambazo matokeo yake hayatabiriki, si zile chache zinazojulikana zilizozungumzwa na mahakama ya Marekani mwaka 2007.

5.0 Dhahiri, Wazi, Bayana

Sasa tuyarejee maneno. "Dhahiri" limetoka katika Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu kilichoko nje na kinachoonekana. Kinyume chake cha kitaaluma ni "batini". Katika Kiswahili limezaa kudhihiri, kudhihirisha na kudhihirika. Katika yote hayo, dhahiri ni sifa ya kitu kilichokwisha kujitokeza. "Wazi" nalo ni sifa ya kitu kisicho na kifuniko. "Bayana" lina jamaa wa kitendo, kubaini na kubainisha, kwa hiyo linakumbusha kwamba mtu fulani alifanya kazi ya kufafanua. Lakini hata hilo linaelekeza macho kwenye matokeo ya ufafanuzi.

Maneno haya matatu yanashirikiana katika sifa moja: ni maneno ya jicho. Yanauliza kitu kinaonekanaje sasa. Sheria haiulizi hivyo. Neno la Kilatini lililozaa istilahi ya Kiingereza lilikuwa na maana ya kilichopo njiani, kile ambacho mpita njia hukutana nacho bila kukitafuta. Ni neno la mguu. Na Kiswahili, kwa kusema "hatua ya uvumbuzi", tayari kimechagua sitiari ya mguu. Tunapoandika kwamba hatua ya uvumbuzi ipo iwapo uvumbuzi si dhahiri, tunaanza sentensi kwa kutembea na kuimaliza kwa kutazama. Msomaji hufuata lile la mwisho.

Madhara yake ni ya wakati. Kilichokwisha kufanyika huwa dhahiri kwa kufanyika kwake. Sisi wanataaluma tunalijua hili kwa mazoea yetu wenyewe: tunapoandika "ni dhahiri kwamba", mara nyingi tumekwisha kumpa msomaji kurasa tano za kumfikisha hapo. Wahenga walisema "ningejua huja nyuma", nao walikuwa wakitaja kosa lilelile analoonywa mkaguzi wa hataza: kuichukua elimu iliyokuja mwisho na kuirudisha mwanzo kana kwamba ilikuwapo.

Methali hiyo inatuonyesha pia dawa, kwa kuwa imebeba kiambishi -nge-. Kiswahili kina viambishi vya masharti ambavyo kazi yake ni hasa kusimama katika wakati ambao jambo halijawa. Linganisha sentensi hizi tatu:

(a) Uvumbuzi huu si dhahiri.
(b) Mweledi wa kawaida asingeweza kuufikia uvumbuzi huu.
(c) Mweledi wa kawaida asingeufikia uvumbuzi huu.

Sentensi (a) haina mtu wala wakati, inasifu kitu. Sentensi (b) ina mtu, lakini inauliza uwezo wake. Sharti lake ni gumu kupita kiasi, maana mwenye maabara na muda wa kutosha angeweza kufanya karibu kila kitu, na Mittasch hangepata chochote. Sentensi (c) inauliza mwenendo: akiachwa na maarifa ya siku ile, miguu yake ingempeleka huko? Tofauti ambayo wanasheria wa Ulaya huieleza kwa aya nzima, hapa imebebwa na kuwapo au kutokuwapo kwa kitenzi "kuweza".

Lipo tatizo moja la kisarufi lisilofaa kufichwa. Sarufi mapokeo hutofautisha -nge- na -ngali-: ya kwanza kwa jambo ambalo bado lina uwezekano, ya pili kwa jambo ambalo wakati wake umekwisha kupita. Kwa kanuni hiyo tungepaswa kuandika "asingaliufikia", kwa sababu tarehe ya maombi iko nyuma yetu. Lakini wazungumzaji wengi wa leo huvichanganya viambishi hivyo, na wengine hawaitumii -ngali- kabisa. Sheria haiwezi kutundika tarehe kwenye kiambishi kinachoyumba. Kwa hiyo tarehe itajwe kwa maneno.

6.0 Kutoka Leipzig hadi Kariakoo

Tuyajaribu maelezo haya kwa mfano wa kubuni, ambao vifaa vyake si vya kubuni. Muuza chipsi mayai huzalisha mabaki ya aina mbili kila siku: maganda ya mayai na mafuta yaliyokwisha kukaangiwa. Maganda ni kaboneti ya kalisi kwa sehemu kubwa sana. Yakichomwa kwa joto la kutosha hugeuka chokaa ambayo haijazimwa. Chokaa hiyo inaweza kuwa kichocheo cha kugeuza mafuta ya kupikia, yakichanganywa na methanoli, kuwa mafuta ya kuendeshea injini za dizeli.

Tuchukulie kwamba fundi wa Gerezani anapeleka maombi yenye madai mawili. Dai la kwanza ni la kutumia maganda ya mayai yaliyochomwa kama kichocheo cha kazi hiyo. Dai la pili ni la kuyalowesha maganda katika maji ya majivu ya aina fulani, kwa kipimo fulani, kabla ya kuyachoma, ili kichocheo kifanye kazi hata katika mafuta yaliyochakaa bila kuyageuza sabuni, na kiweze kutumika tena mara nyingi.

Dai la kwanza halitasimama. Tafiti kuhusu maganda ya mayai kama kichocheo zimekuwa zikichapishwa tangu miaka ya 2000. Hata zisingekuwapo, wachoma chokaa wa pwani yetu wamechoma matumbawe kwa karne nyingi, na matumbawe na maganda ni jamaa moja kikemia. Mweledi anayejua kwamba chokaa huchochea mmenyuko huu, na akajua kwamba maganda hutoa chokaa, angepita njia hiyo bila kujikwaa.

Dai la pili ni jambo jingine. Kila mtengeneza sabuni anajua kwamba mafuta yaliyochakaa yakikutana na magadi au maji ya majivu hugeuka sabuni. Maarifa yaliyotangulia yanamwambia mweledi akae mbali na majivu. Ikiwa fundi wetu ameenda kule ambako fani nzima ilikuwa ikimwonya asiende, na akapata tokeo lisilotarajiwa ambalo linathibitika kwa vipimo, basi kuna hatua. Sasa mpe mkaguzi sheria inayosema "dhahiri". Atatazama orodha: maganda, majivu, mafuta ya chipsi. Vyote vinapatikana ndani ya mita mia moja. Ni dhahiri. Uduni wa vifaa utakuwa umehesabiwa kuwa uduni wa fikra, na anayeumia zaidi ni mvumbuzi asiye na vifaa vya fahari.

Hatari ya pili ni kinyume chake. Tuchukulie kwamba mwombaji ni kampuni kubwa, nayo inadai namna ya kuchoma matumbawe na kuyahifadhi chokaa yake ambayo wachoma chokaa wameifuata vizazi na vizazi bila kuiandika. Mkaguzi hutafuta zaidi katika hazina za maandishi. Asipoona kitu, ataandika kwamba jambo hilo si dhahiri. Huenda anasema kweli, kwa jicho lake yeye. Neno halikumlazimisha kuuliza ni dhahiri kwa nani. Sentensi inayomtaja mweledi wa fani husika ingemlazimisha kuuliza fani hiyo ni ipi, na ni akina nani wanaoifanya.

Ni haki kuongeza kwamba sheria ya mwaka 1987 inatambua pia hati ndogo kuliko hataza, ambayo hudai upya na ufaafu wa kiwandani bila kudai hatua ya uvumbuzi. Kwa mafundi wengi mlango huo ndio ulio karibu. Lakini mlango mdogo usiwe kisingizio cha kuufunga mkubwa kwa neno lililochaguliwa vibaya.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kigezo cha hatua ya uvumbuzi kina viungo vitatu: mtu, wakati na mwenendo. Neno "dhahiri", pamoja na jamaa zake "wazi" na "bayana", linavifuta vyote vitatu na kuacha sifa ya kitu. Kwa uvumbuzi wa vichocheo, ambao kwa kawaida huonekana mwepesi ukishapatikana, hasara ya kufuta huko ni kubwa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba watakaoiandika upya sheria hii kwa Kiswahili wasitafute neno moja la kulingana na neno moja la Kiingereza. Watumie sentensi, kwa mfano: "Uvumbuzi una hatua ya uvumbuzi iwapo, katika tarehe ya maombi, mweledi wa kawaida wa fani husika asingeufikia kwa kuongozwa na maarifa yaliyotangulia." Istilahi "mweledi wa kawaida" na "maarifa yaliyotangulia" zifafanuliwe katika sehemu ya tafsiri za maneno, na ufafanuzi huo useme waziwazi kama maarifa yasiyoandikwa yanahesabiwa, na yanathibitishwaje.

Pendekezo hili lina gharama zake. Sentensi ni ndefu kuliko neno, na wanasheria wenye haraka wataendelea kusema "dhahiri" katika mazungumzo yao. Hilo si baya, mradi maandishi ya sheria yenyewe yasiseme hivyo. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), vitivo vya sheria na idara za Kiswahili zina kazi ya kufanya hapa kwa pamoja, na inafaa waanze kabla shauri la kwanza halijafika mahakamani. Likishafika, kila mmoja wetu ataona ilivyopasa kuandikwa.